Mutoto ni wa nani musaidizi anapobadilika?

Katika kitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina ya ukoo na heshima ya wakwe. Mara hii tunashika ulizo moja lililotufanya tubishane siku za Mungu mbili nzima chini ya mwembe, na mpaka leo hatujapatana sisi wote. Ni hili: mama ao papa anayelea mutoto asiyemuzaa, akisaidiwa na shirika fulani, je, ana haki ya kuacha shirika lile na kwenda kwa lingine lenye kusaidia vizuri zaidi? Na akifanya vile, amefanya nini: amemutafutia mutoto uzima, ao amemufanya kuwa kitu cha soko?

Jambo lenyewe lilitokea hapa kwetu Tenke, si mbali na stasio ya treni. Kuna mama moja na bwana yake, ambao tutawaita tu mama mulezi na papa mulezi. Hatutataja majina yao, wala ya ONG zile mbili, kwa kuwa hatuandiki ili kuhukumu mutu. Miaka minne sasa, mufanyakazi wa Affaires sociales aliwaletea watoto wawili, kaka na dada yake mudogo, waliokuwa wakichagua mawe kwenye karieri moja ya upande wa Fungurume. Mama yao alikuwa amekufa. Baba yao alikwenda kutafuta feza, hakurudi. ONG moja, tuiite ya kwanza, ilishika mukono wa walezi wa namna hii. Ilileta matela mawili, chandarua, mabasini, na mufuko wa unga kila mwezi. Iliahidi kulipa masomo na dawa, na kutuma mutu wa kuangalia watoto wanaishi namna gani.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili unga ukaanza kuchelewa. Hilo mama mulezi alilivumilia, juu hapa kwetu nani hajawahi kuchelewesha kitu? Lakini mutu wa kuangalia watoto alibadilika mara tatu, na kila mupya alimukalisha yule kijana na kumuuliza maulizo yale yale: mama yako alikufa namna gani, unaota nini usiku, hapa wanakupiga? Anaandika, anafunga kaye yake, anapanda pikipiki, amekwenda. Kijana akafika mahali pa kujificha kwa jirani kila aliposikia pikipiki inaingia avenyu. Kisha usiku moja homa ikamushika musichana. Mama mulezi alipiga telefone mpaka yuniti zikaisha, hakuna aliyejibu. Alilipa lopitalo na feza ya makala yake, ile aliyokuwa akiweka kwa kununua mifuko mingine.

Hapo ndipo alisikia juu ya ONG ya pili. Tunaomba musomaji ashike neno hili, kwa kuwa wengi katika cité hawakulijua walipoanza kusema: ONG ya pili haitoi unga. Hata kilo moja. Inalipa lopitalo moja kwa moja, inatuma mama moja, yeye yule, kila juma la pili, na inakusanya walezi siku ya ine ya juma ili wazungumze wao kwa wao juu ya mutoto anayekojoa kitandani, mutoto anayeiba sukari, mutoto asiyesema. Mama mulezi alihesabu, akaona atapoteza mufuko wa unga kila mwezi. Akaenda kuandikisha jina lake.

Juma lililofuata kamyo ndogo ya ONG ya kwanza ikafika kwake. Walitaka matela, chandarua na mabasini. Walikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba vitu vile ni mali ya shirika, na kweli ilikuwa imeandikwa. Moja kati yao, labda kwa hasira, labda kwa kuzoea tu, akasema mbele ya watoto: "Na bale batoto, ni batoto ba kwetu." Wakapakia matela. Walipogeuka, yule kijana alikuwa amesimama mulangoni na kifuko chake mukononi, kaye zake ndani, suruali ya masomo juu. Alizani matela inapokwenda, na yeye anakwenda.

Cité ilisema mengi. Wengine: "Ule mama anauzisha batoto, anaangalia paka nani anatoa mingi." Muzee moja wa shirika letu, mutu tunayemuheshimu sana, alisema kwa sauti ya chini: "Mutu alikusaidia wakati hauna kitu, leo umeona mwingine, unamupa mugongo. Batoto banajifunza nini pale?" Na mama moja mwalimu akamujibu: "Papa, bale batoto habakuzaliwa na ONG." Hapo ndipo mabishano yalianza.

Tulipoyaanza, kila mutu alikimbilia desturi. Tulisikia mara nyingi kwamba zamani mababu walilea mutoto wa ndugu bila malipo yoyote, kwa hiyo anayesema habari ya musaada ameshaharibu jambo. Tunakubali nusu. Kweli, kwa Basanga, kwa Baluba, kwa Balunda, kwa Batshokwe, hakuna aliyeandikiana mukataba juu ya mutoto wa dada yake. Mutoto alitumwa kwa kambo, ao kwa mujomba, ao kwa shangazi asiyezaa, na mambo yakaisha. Lakini waliokulia namna hiyo, na kati yetu tuko wengi, tujiulize vizuri. Je, hakuna kitu kilichofuata mutoto? Kulikuwa kuku wakati wa sikukuu, kitunga cha mahindi baada ya mavuno, kitambaa kwa kambo. Na mutoto mwenyewe alichota maji, alilima, alipeleka mbuzi. Zaidi ya hapo, kulikuwa macho. Mujomba alipita njiani "kusalimia" tu, akakaa, akala bukari na sombe, akaangalia kama mutoto amekonda. Alipoona mambo hayaendi, hakupiga kelele. Alisema: huyu mutoto, shangazi yake mwingine anamulilia, tutamupeleka kwake siku kidogo. Siku kidogo zile zilifika miaka mitano.

Basi hata zamani musaada ulikuwepo, uangalizi ulikuwepo, na kubadilisha kulikuwepo. Ila kulikuwa tofauti moja kubwa: waliomuzunguka mutoto walikuwa wengi, na hakuna hata moja kati yao aliyeweza kusema peke yake "ni wa kwangu." Aliyechoka kuleta mahindi hakuja kuchukua mutoto. Alikaa kimya kwa haya, na mwingine akaleta.

Wa kwanza kutuzoeza musaidizi moja tu anayeshika vyote walikuwa watu wa kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tangu miaka ya 1920 kuelekea mwisho ilitaka mufanyakazi akae na bibi na watoto ndani ya kambi yake. Ilitoa nyumba, posho iliyohesabiwa kwa bibi na kwa kila mutoto, masomo, lopitalo. Mwaka 1967 mali yake iliingia mikononi mwa Serikali na jina likawa Gécamines kwa wakati, lakini njia ilibaki ile ile. Watu wakasema kampuni njo baba, njo mama. Halafu mugodi wa Kamoto ukabomoka Septemba 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondolewa kwa jina la "kuondoka kwa mapenzi". Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake, kwa luga yetu, linasema juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Sisi tuliokuwa ndani ya kambi hatuhitaji kufasiriwa. Wakati ule watoto wangapi walitumwa kwa kambo kijijini, na kambo mwenyewe hana kitu? Baba-kampuni alipoanguka, hakuna mujomba aliyebaki karibu, kwa sababu miaka mingi hatukumuhitaji.

Na hapa kwetu karibu tumeona tena. Kampuni ya Tenke Fungurume ilianza kutoa shaba mwaka 2009, ikishikwa na Freeport ya Marekani. Mwaka 2016 Freeport iliuza sehemu yake kwa CMOC ya China. Wafanyakazi waliamka siku moja wako na mukubwa mupya, kofia ile ile kichwani, na hakuna muzee aliyewaambia wamekosa uaminifu. (Wakubwa wakibadilishana sisi, ni biashara. Masikini akibadilisha mukubwa, ni zambi.)

Lakini tusikimbilie kumupa mama mulezi haki yote. Neno la muzee wetu lina uzito, na tulilirudilia mara nyingi. ONG ya kwanza ilifika wakati hakuna mwingine. Ilimufundisha mama yule namna ya kusema na mutoto aliyeona mambo mabaya, iligaramia safari, iliamini nyumba yake. Mutu wake moja, tulipoongea naye kwa upole, alituambia jambo ambalo linatusumbua mpaka sasa: kama kila mulezi anaondoka siku unga unachelewa, mashirika madogo ya wenyeji yatakufa, yatabaki paka yale makubwa yenye feza za inje. Na yale makubwa yanakuja na mupango wa miaka miwili ao mitatu, kisha raporo inaandikwa, biro inafungwa. Atabaki nani? Hatukuwa na jibu la haraka. Tumeona biro ngapi hapa zimefungwa, kibao cha rangi kinabaki mulangoni mpaka mvua inakifuta?

Basi je, shukrani inadai nini? Tumefikiri hivi. Shukrani ni deni la mama mulezi, si deni la mutoto. Yeye ndiye aliyepokea matela, yeye arudishe matela, aseme aksanti, aende kuwasalimia siku ya kufiwa kwao. Hata akitaka, apeleke mufuko wa makala. Lakini hawezi kulipa deni lake na usingizi wa mutoto. Kubaki kwa shirika ambalo maulizo yake yanamufanya kijana akimbilie kwa jirani, eti kwa sababu tulikula unga wao, ni kulipa na mali ya mwingine. Mutu mwaminifu hafanyi vile hata na mbuzi.

Na vilevile upande wa pili: kama angekwenda kwa sababu ya unga mwingi tu, huku watoto wamezoea mama fulani wa ONG ya kwanza na wanamupenda, tungemuambia amekosa, hata kama karatasi zote ni sawa. Neno la cité, "anauzisha batoto," si neno baya kila mara. Kuna nyumba ambako mutoto wa kupokea anakula nyuma ya wengine na unga wake unauzwa sokoni. Tunazijua. Kwa hiyo ulizo la kupima si "nani anatoa mingi?", wala "nani alifika mbele?" Ni hili: baada ya kubadilisha, mutoto anaamka kwenye kitanda gani, na mutu gani anamujua jina?

Mwana wa jirani yetu moja, anayeishi Uingereza, alitufasiria namna kule wanavyofanya, na tulisoma kidogo ili kuhakikisha. Kule mulezi wa namna hii anaandikwa ao na komini ya muji, ao na shirika la kipekee lililopewa ruhusa. Akitaka kubadilisha shirika, anaandika barua ya kuacha, na baada ya siku 28 ameachiliwa. La pili linamuchunguza upya. Inafanyika mara nyingi, na sababu wanazotoa ni zile zile za mama wa makala: hakuna anayejibu telefone usiku, watu wa kuangalia wanabadilika kila mara. Hatusemi kule ni paradiso. Mwaka 2022 ofisi ya Serikali yao inayochunguza biashara ilitoa raporo kwamba mashirika makubwa ya kipekee yanayopatia watoto malezi yanapata faida kupita kiasi. Kwa hiyo mutoto kuwa soko, ni ugonjwa ambao nao wanao, tena wenye tai. Lakini jambo moja lilitufungua macho: shirika likibadilika, jukumu juu ya mutoto halibadiliki. Liko kwa komini. Shirika ni musaidizi wa nyumba tu, haliwezi kufika na kamyo na kusema "ni wa kwetu."

Tuliposikia hivyo, moja wetu aliyesoma sheria alicheka. Alisema, nasi tuko nayo. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kutupa mutoto, kumutesa, na kumusingizia ulozi. Na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema mutoto aliye katika hali ngumu anawekwa na asistanti sosiale, kwa jamaa kubwa ao kwa watu wenye mwenendo muzuri ao katika nyumba iliyopewa ruhusa, na muamuzi wa watoto anajulishwa. ONG inaweza kusaidia, kufundisha, kuleta matela. Lakini aliyemuweka mutoto katika nyumba ile ni Serikali, kwa mukono wa yule mufanyakazi wa Affaires sociales. Sheria iko. Yule mufanyakazi mwenyewe hana pikipiki, hana mafuta, na kwa hiyo karatasi za watoto zinalala katika biro ya ONG, juu kule njo kuna kabati yenye kufuli. Anayeshika karatasi anaishia kuzani ameshika mutoto. Hatuzani wale watu wa kamyo walikuwa wabaya. Walikuwa wameishi na karatasi zile muda mrefu.

Sasa, kosa la mama mulezi, maana tulimuona nalo, na tulimuambia. Alikwenda kuandikisha jina kwa ONG ya pili bila kupita kwanza kwa ile ya kwanza, na bila kupita kwa Affaires sociales. Alisema aliogopa watamunyanganya watoto. Tunaelewa woga ule. Lakini aliogopa pia kuwaambia watoto, na hapo hatukumuachilia. Kijana yule ana miaka 13, yuko mwaka wa saba, anajua kusoma karatasi kuliko sisi. Kama angeambiwa: tunabadilisha wale wanaotusaidia, matela zitaondoka, weye unabaki, asingesimama mulangoni na kifuko. Desturi yetu nayo ina deni hapa. Mababu walipohamisha mutoto, mara nyingi walimuambia "twende kusalimia," na jioni mutoto anajikuta peke yake kwa watu wengine. Kati yetu wako waliofanyiwa hivyo, na wakiwa na mvi wanasimulia ile jioni bado. Tusiiite hekima kila kitu kilichofanywa na wazee.

Na kosa letu wenyewe. Katika mukutano wa kwanza tulibishana saa tatu juu ya shukrani, juu ya unga, juu ya Wazungu na feza zao, na hakuna hata moja wetu aliyeuliza kama watoto hawa wana ukoo. Ni yule mama mwalimu aliyeuliza, wakati tunashika viti tuondoke. Tukatazamana. Miaka mine, ONG mbili, raporo ngapi, na mujomba hajatafutwa? Ulizo hilo la mwisho lilikuwa ndilo mababu wangeanza nalo.

Haikuwa kazi kubwa. Kijana alijua jina la kijiji cha mama yake, upande wa Mutshatsha, kwenye njia ya treni inayokwenda Dilolo. Mutu wa stasio alimujua mutu, yule akamujua mwingine. Baada ya majuma matatu telefone ya papa mulezi ililia, na ilikuwa mujomba. Alizani watoto walikufa pamoja na dada yake. Alilia, kisha akasema hana uwezo wa kuwachukua, ana wake wanane na shamba moja. Papa mulezi akamuambia hakuna aliyesema wachukuliwe.

Tangu hapo mambo yako hivi. Mama wa ONG ya pili anakuja kila juma la pili, na mama mulezi amemuambia wazi kwamba mupango wao ukiisha, watoto hawatahama. ONG ya kwanza ilitumiwa barua ya aksanti, tuliisaidia kuandika, na mukubwa wao alikuja mwenyewe kunywa maji. Kopi ya karatasi za watoto iko sasa kwa Affaires sociales, nyingine katika sanduku la mama mulezi. Masomo ya musingi ni bure katika masomo ya Serikali tangu mwaka 2019, kwa hiyo ya musichana si shida sana, ila kaye na iniforme. Lakini ya kijana bado inalipiwa, na hapo shirika letu limekubali kuchanga kila miezi mitatu. Wawili kati yetu walikataa kuchanga, wakisema tunaingilia jamaa ya watu. Majina yao tunayajua, hatutayaandika.

Wakati wa kiangazi mujomba alifika na treni, amebeba kitunga cha mahindi na kuku moja aliyefungwa miguu. Alikaa siku mbili. Alikula bukari, akaangalia watoto, akaomba kuona kaye za kijana, akazigeuza karatasi moja moja ingawa yeye mwenyewe hakusoma. Matela zilikuwa bado hazijanunuliwa, watoto wanalala juu ya kitanda cha miti na blanketi mbili. Aliona, hakusema kitu. Asubuhi ya kurudi alimuita mama mulezi pembeni na kumuuliza kuku yule watamuchinja ao watamufuga.